Mchele ndani ya chanjo: wakaaji waambiwe yote

Kati ya Agosti 2018 na Juni 2020, watu zaidi ya 300,000 walichanjwa dhidi ya Ebola mashariki mwa Congo, wengi wao Kivu Kaskazini. Ni wangapi wanajua kwamba ndani ya chanjo ile mlikuwa na protini iliyotokana na mchele? Naamini ni wachache.

Chanjo hiyo, Ervebo, hukuzwa ndani ya seli za figo la nyani. Ili isiharibike, huongezewa albumini, protini ya damu ya binadamu. Lakini hakuna mtu anayetolewa damu: ni mpunga uliotiwa jeni ya binadamu unaoitengeneza.

Mimea inaingia pia katika chanjo za mafua, yaani gripe, zinazokuzwa ndani ya seli badala ya mayai ya kuku. Kazi hiyo inahitaji tripsini, ambayo tangu zamani hutolewa kwenye kongosho la nguruwe. Leo hata muhindi unaweza kuitengeneza. Faida inaonekana: mwaka 2010, mabaki ya virusi vya nguruwe yalikutwa ndani ya chanjo ya watoto ya rotavirusi, na chanzo kilikuwa tripsini. Haikuonekana kwamba yaliwadhuru watoto, lakini somo lilibaki.

Wako wanaosema kwamba mkaaji akisikia "figo la nyani" atakimbia. Hofu hiyo naielewa. Lakini uvumi haukungoja maelezo: Butembo, vituo vya matibabu vilishambuliwa mwaka 2019. Asiyeambiwa kitu hujaza pengo mwenyewe.

Tusidanganyane pia kwamba kila kitokacho kwa mmea hakina shida. Mtu ambaye mwili wake unakataa mchele kwa ukali hapaswi kuchanjwa Ervebo, na mchanjaji lazima amuulize. Wala mtu asiache chanjo akachemsha majani nyumbani: kilichomo ndani ya sindano kimesafishwa na kupimwa, majani ya sufuria hayajapimwa na yeyote.

Wizara ya afya na washirika wake watoe karatasi moja kwa kila chanjo, kwa Kiswahili na lugha za kwetu: imekuzwa wapi, ina nini ndani, nani asiipokee. Isomwe redioni, makanisani na misikitini kabla timu ya wachanjaji haijafika kijijini. Mzazi anayetoa mkono wa mtoto wake ana haki ya kujua kinachoingia ndani yake.