Kipa Anayeruka Sana Amechelewa

Siku ya pili baada ya mechi, kwenye vijiwe vya kahawa vya Isevya na Ng'ambo mjini Tabora, kipa husifiwa kwa jambo moja: kuruka. Amepaa, amejinyoosha mpaka jezi ikapanda mgongoni, ameufuata mpira kwenye kona ya juu na kuupangua kwa ncha za vidole. Yule aliyedaka mipira kumi akiwa amesimama, magoti kayakunja kidogo na kifua kiko nyuma ya mpira, hutajwa mwishoni, tena kwa kejeli: leo hakupata kazi. Hii si imani ya Tabora peke yake. Utaikuta Kariakoo, utaikuta kwenye vibanda umiza vya Kigoma, na watangazaji wa redio wanaimwagilia maji kila wikiendi. Nasema ni imani potofu, na inatugharimu mabao. Kipa anayeruka sana, mara nyingi, ni kipa aliyechelewa: amechelewa kusogea, amechelewa kuusoma mchezo, au amechelewa kumpigia kelele beki wake.

Tuanze na vipimo, maana vipimo havina Simba wala Yanga. Lango lina upana wa mita 7.32 na kimo cha mita 2.44. Mshambuliaji akiwa na mpira mita 16 mbele ya lango, katikati kabisa, kipa aliyeganda kwenye mstari ana mita 3.66 za kulinda kila upande. Akisogea mbele na kusimama mita 4 nje ya mstari, njia za mpira kuelekea milingotini zinakuwa zimebanana. Pale alipo, upana wote wa kulinda ni takriban mita 5.5, yaani mita 2.75 kila upande. Amejipunguzia karibu mita nzima kulia na karibu mita nzima kushoto kabla shuti halijapigwa, na jukwaani hakuna hata mmoja aliyempigia makofi. Sasa mchukue kipa huyohuyo umweke hatua moja pembeni, sentimita 70 tu. Upande mmoja umebaki mita 2, wa pili unakaribia mita 3 na nusu. Shuti ambalo angelifuata kwa hatua moja ya ubavu na kulikumbatia kifuani, sasa linamlazimu ajirushe mzimamzima, na uwanja wote unasimama kumshangilia. Wanachoshangilia ni mikono iliyofuta kosa la miguu. (Atakayeuliza habari ya mpira wa kuchopu juu ya kichwa ana haki ya kuuliza, ndiyo maana nimesema mita 4, sikusema 8.) Wala hesabu haiishii hapo. Kipa aliyeruka yuko chini. Mpira aliousukuma kwa vidole haukwenda mikononi mwake. Umekwenda kona, au mbaya zaidi umerudi ndani ya boksi, na mshambuliaji wa pili anaukuta wavu uko wazi. Aliyedaka amesimama ana mpira mkononi na tayari anamtafuta winga wake.

Wamarekani wamelipima jambo hili kwenye mchezo wao wa besiboli, ambako wachezaji watatu husimama mbali nyuma ya uwanja kungoja mipira inayopigwa juu. Huko nako anayejitupa kwenye nyasi na kuudaka mpira huku kifua kikiburuzika ndiye anayerudiwarudiwa kwenye televisheni. Mwaka 2015 ligi kuu yao ilifunga mitambo ya Statcast katika viwanja vyake vyote, mitambo inayoufuatilia mpira na kila mchezaji, na mwaka 2017 ikaanza kutangaza uwezekano wa kudakwa kwa kila mpira. Uzuri wa kipimo kile ni maswali kinayoanza nayo. Mpira ulikaa hewani sekunde ngapi? Mdakaji alikuwa umbali gani? Akiudaka amesimama au amelala kifudifudi, alama ni zilezile. Tena wana kipimo kingine cha sekunde 3 za mwanzo peke yake: alianza kukimbia lini, kwa kasi gani, na je, alinyoosha njia au alipinda kwanza? Hapo ndipo inapoamuliwa kama atafika kwa miguu au kwa tumbo. Kabla ya mitambo, macho ndiyo yaliyotoa tuzo, na macho yalidanganyika. Derek Jeter wa New York Yankees, mchezaji wa eneo la ndani aliyependwa kwa mtindo wake wa kuruka na kurusha mpira akiwa hewani, alipewa Glavu ya Dhahabu mara 5, huku wachambuzi waliohesabu mipira aliyoifikia kweli wakimweka chini ya wastani wa wenzake.

Kwenye soka, ushahidi unaouma zaidi ni wa penalti. Mwaka 2007 watafiti wa Israeli, Michael Bar-Eli na wenzake, walichapisha uchambuzi wa penalti 286 za mashindano ya daraja la juu. Makipa waliruka kushoto au kulia katika penalti karibu 94 kwa kila 100. Waliobaki katikati walikuwa 6 tu kwa 100. Lakini penalti karibu 29 kwa kila 100 zilipigwa katikati, na makipa waliobaki hapo waliokoa theluthi moja, wakati walioruka upande wowote waliokoa 13 au 14 tu kwa kila 100. Kwa nini basi watu wa kazi hii, wanaolipwa kwa kazi hii, wanafanya kinyume cha hesabu? Jibu la watafiti, kwa maneno yangu, shabiki yeyote wa Tanzania analielewa bila kufasiriwa: aibu. Kipa akiruka na kufungwa, amejitahidi. Akisimama akafungwa, kalala, kahongwa, hana moyo na timu. Ninakubali pingamizi linalokuja hapa, kwamba makipa wote wakianza kusimama, wapigaji nao wataacha kupiga katikati. Ni kweli, na sitetei kipa kugeuka nguzo ya umeme. Hata hivyo, kuruka mara 94 kati ya 100 hakuna hesabu yoyote ya kukutetea. Huko ni kuwaogopa watazamaji.

Watu wa Unyanyembe, nchi ya Tabora, hawakupaswa kufundishwa haya na wageni. Mji wa Tabora ulikua juu ya njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo hadi Ujiji, na mbele ya msafara alitembea kirangozi, na bendera yake, na nguo nyekundu, na manyoya kichwani. Mbwembwe alikuwa nazo, tena za kutosha. Lakini hakupewa kazi kwa ajili ya manyoya. Kati ya Ugogo na Unyanyembe palikuwa na Mgunda Mkali, pori la siku nyingi lisilo na maji ya uhakika, na huko misafara ilipiga telekeza: mapagazi walikunywa, wakajaza vibuyu, wakaondoka mchana, wakatembea hadi usiku, wakalala bila maji, kisha alfajiri wakaendelea mpaka kwenye kisima kilichofuata. Ujuzi wote ulikuwa katika saa ya kuondoka. Hesabu ile ikikosewa, pagazi mwenye mzigo wa kilo 30 begani hasaidiwi na ushujaa wa mtu yeyote. Hata mwandishi Stanley alijifunza hapahapa. Mwaka 1871, akiwa njiani kumtafuta Livingstone, alikuta mtemi Mirambo amefunga njia ya Ujiji. Kwanza akachagua kishindo: mwezi wa Agosti akaungana na Waarabu wa Unyanyembe kwenda kumshambulia Mirambo. Walipigwa, na baadaye mwezi uleule sehemu ya Tabora ikachomwa moto. Septemba akaondoka tena, safari hii akizunguka kusini kupitia Ukonongo, mbali na vita, na mzunguko ule ndio uliomfikisha Ujiji kabla mwaka haujaisha. Salamu aliyompa Livingstone inajulikana dunia nzima. Uamuzi wa kuzunguka nani anausimulia?

Wapo watakaosema viwanja vyetu ni vibovu, mpira unadunda kwenye kichuguu na kubadili njia, kwa hiyo kipa asiyejua kuruka hafai mchangani. Mimi naona ubovu wa uwanja unanipa haki. Mpira usiotabirika ndio unaohitaji mwili mzima nyuma yake, goti moja chini, ili ukidunda vibaya ukutane na kifua badala ya kupita katikati ya mikono iliyonyooshwa. Wengine watasema soka ni burudani, mtu amelipa kiingilio, mwacheni afurahi. Hoja hii naiheshimu zaidi, kwa sababu ni ya kweli: kuna mashuti ambayo hayana dawa nyingine ila kupaa, na kipa aliyesimama mahali sahihi kisha akapaa anastahili kila kelele anayopigiwa. Ninachokataa ni kuzihesabu kelele hizo kama ndiyo ubora. Agosti 2023 timu ya Tabora ilianza Ligi Kuu ugenini dhidi ya Azam pale Chamazi ikiwa na wachezaji wanane tu, kwa sababu usajili wa wengine haukuwa umekamilika. Mchezo ulivunjika mapema, Azam wakiwa wameshapata mabao 4. Kipa wa siku ile angeruka mara ishirini, tusingejifunza chochote juu ya kipa. Tungejifunza kwamba mbele yake hapakuwa na watu. Kuruka kwingi ni taarifa ya hali ya timu nzima, kama vile ndoo nyingi sebuleni zinavyokupa taarifa ya paa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wazee, nasi tumekaa tunamshangilia mjenzi wa ukuta.

Mtu ataniambia kwamba ligi yetu tayari inahesabu klinshiti, yaani mechi ambazo kipa hakufungwa, na kweli msimu wa 2023/24 tuzo ya kipa bora ilikwenda kwa Ley Matampi wa Coastal Union ya Tanga kwa njia hiyo. Ni afadhali kuliko vipande vya video vya sekunde 10 vinavyozunguka kwenye simu. Bado, klinshiti inawalipa pia mabeki wazuri, na haielezi kipa alisimama wapi. Redio nayo ina udhaifu wake wa asili, kwa kuwa mtangazaji hawezi kupaza sauti kusema kipa amesogea hatua mbili kushoto. Ila anaweza kulisema jambo hilo baada ya shuti, kwa sentensi moja tu, na akilisema kila wiki vijana watalisikia. Walimu wa michezo wana nafasi kubwa zaidi. Tabora imekuwa mwenyeji wa mashindano ya shule, UMITASHUMTA na UMISSETA, zaidi ya mara moja miaka ya karibuni, na huko ndiko watoto wanakochaguliwa kukaa langoni. Mwalimu akimchagua yule anayejirusha vizuri kwenye mchanga wakati wa mazoezi, amechagua sarakasi. Amwangalie yule ambaye krosi ikipigwa ameshafika, na ambaye sauti yake inasikika kabla ya mpira kuingia kwenye boksi.

Nawe msomaji, mechi ijayo pale Uwanja wa Ali Hassan Mwinyi, mpira ukiwa upande wa pili, uache uende. Mkazie macho kipa wako kwa dakika 5. Tazama kama anasogea kila mpira unapohama, au kama ameegemea mlingoti akisubiri zamu yake ya kupigwa picha.