Joto linalovuja laendelea kuwa kitendawili cha ITER

MRADI wa ITER, unaojengwa Cadarache, kusini mwa Ufaransa, ulitangaza Julai 2024 kwamba utafiti wake utaanza mwaka 2034, na majaribio ya mafuta halisi, deuteriamu na tritiamu, yatasubiri hadi 2039. Lawama ziliangukia kasoro za vipimo katika vipande vya chombo kikuu na mabomba yaliyokutwa na nyufa.

Hayo ni mambo ya mafundi, na yanarekebishika. Swali zito ni lile la zamani: je, joto litakaa ndani?

Ili viini vya haidrojeni viungane na kutoa nishati, gesi iliyochajiwa umeme, iitwayo plazma, hupashwa hadi nyuzijoto milioni 150. Sumaku huizuia isiguse kuta. Hata hivyo joto hutoroka, kwani ndani ya plazma kuna misukosuko midogo midogo, mfano wa maji yanayotokota chunguni.

Kwa miaka mingi wasanifu walipima mitambo midogo, kisha wakakadiria mkubwa kwa kufuata mwelekeo wa takwimu hizo. Mwaka 1996, Bill Dorland na Michael Kotschenreuther wa Chuo Kikuu cha Texas, Austin, waliikokotoa misukosuko yenyewe kwa kompyuta, wakahitimisha kuwa ITER ya wakati huo isingefikia lengo lake. Ubishi ulikuwa mkali. Marekani, iliyokuwa ikilalamikia pia gharama, ilijitoa, na haikurejea hadi 2003. Wakati huo mtambo ulikwishasanifiwa upya, mdogo zaidi na kwa takriban nusu ya bei.

Jambo gumu kuliko yote ni ukingo wa plazma. Mwaka 1982, Fritz Wagner aligundua huko Garching, Ujerumani, kwamba ukingo unaweza kujijengea ghafla kizuizi cha joto. Kizuizi hicho kikiwa dhaifu, kitovu nacho hupoa. Na kukikadiria kimo chake bado ni kazi ngumu.

Matumaini yapo. Mtambo wa JET nchini Uingereza ulitoa megajuli 59 mwaka 2021, kiasi kilichokaribiana na ubashiri wa kompyuta, na megajuli 69 mwaka 2023 kabla ya kufungwa. Lakini JET haikuwahi kurudisha nishati yote iliyotumika kuipasha plazma joto. ITER inatakiwa kurudisha mara 10: megawati 500 kwa kila 50 zinazoingizwa.