PISTONI INASINGIZIWA



Jumamosi hii mkutano utaombwa kutoa fedha za mfuko wa maziwa zinunue bloki na pistoni mpya ya pikipiki ya ushirika. Mimi napinga. Sababu zangu nazibandika hapa mapema, asije mtu akasema nimemvizia mkutanoni.

Hebu tukumbushane. Ijumaa ile pikipiki ilipanda mlima wa shule na madumu manne ya maziwa, dereva wala hakuteremka. Jumamosi ikapelekwa mjini, ati kuongezwa nguvu. Jumatatu mlima huo huo ikaushindwa na madumu mawili. Sasa tunaambiwa pistoni imekwisha. Je, pistoni hiyo ilikwisha usiku wa Jumapili, imeegeshwa stoo?

Huko mjini ilifanyiwa mambo matatu. Ilifungwa ekzosi ya wazi, ile ya mlio. Sanduku la chujio la hewa likakatwa, pakachomekwa chujio dogo la koni. Na sproketi ya mbele ya meno 14 ikatolewa, ikatiwa ya meno 16 ili pikipiki ikimbie. Kweli, barabara ya lami inakimbia. Lakini maziwa yetu hayatoki kwenye lami.

Nianze na sproketi, maana hesabu yake hata sisi tuliojifunza kusoma ukubwani tunaiweza. Nyuma kuna meno 42. Gawa kwa 14, unapata 3. Gawa kwa 16, unapata 2.625. Maana yake, katika gia ile ile, pale ambapo tairi lilisukumwa kwa nguvu 100, sasa linasukumwa kwa 87 na nusu. Nguvu hiyo haikuibwa na pistoni, tumeitoa sisi wenyewe na risiti tumepewa.

Sasa hewa. Petroli haiungui peke yake. Kilo moja inataka hewa karibu kilo 14.7. Waliotengeneza pikipiki walipima sanduku la chujio, ekzosi na tundu la jeti ndani ya kabureta vikubaliane. Ukifungua njia ya hewa mbele na nyuma na jeti ukaiacha vile vile, injini inapata hewa nyingi na petroli kidogo. Dalili zake wote tulizisikia: ukiachia mafuta ekzosi inapiga pa! pa! kama bisi kikaangoni, injini inachemka, plagi ukiifungua ni nyeupe. Dereva mwenyewe alisema akivuta choki nusu inapata nguvu kidogo. Basi jibu lilikuwa hapo, maana choki huzidisha petroli. Ilikuwa na njaa.

Fundi akafanya nini? Hakununua jeti kubwa zaidi. Alichukua ile ile akaipanua tundu kwa waya! Ndugu zangu, jeti imeandikwa namba ubavuni, na namba hiyo ndiyo inayotuambia ukubwa wa tundu. Sasa namba ni ile ile na tundu si lile. Hili limeniudhi kuliko ekzosi. Mtu akifuta namba kwenye daftari la maziwa akaandika yake tunamfukuza, huyu tumemlipa.

Leo plagi ni nyeusi tititi, moshi mweusi unatoka, mafuta yanakwisha kabla ya safari, na choki ukiivuta inazidi kufa. Yaani tumetoka kwenye njaa tukaingia kwenye kuvimbiwa. Nguvu bado hakuna.

Yapo mengine yanayoweza kuleta ugonjwa huu, nayo tuliyatazama. Klachi haitelezi, kwa sababu injini haipigi kelele za bure huku pikipiki imesimama. Tairi la nyuma ukiliinua linazunguka, breki haishiki. Petroli inateremka vizuri kutoka tangini. Tapeti zilipimwa injini ikiwa baridi.

Wala siapi kwamba pistoni ni nzima. Miezi mitatu ya vumbi letu hili kupitia koni ile inaweza kula ringi. Lakini hilo lina kipimo chake. Fungua plagi, tia oili kijiko kimoja ndani ya silinda, rudisha plagi, piga kiki. Kiki ikiwa nzito kuliko mwanzo, ringi zimelika. Kipimo cha kijiko kimoja kimeshindikana, lakini cha kununua bloki kiko tayari!

Wenye kusema nachelewesha maendeleo nawauliza: yule mama aliyeshushwa usiku kwenye mlima, uchungu umemshika, akapanda kwa miguu kwenda zahanati huku pikipiki inasukumwa nyuma yake, mtamweleza nini kuhusu mlio? Na bloki mpya tukiifunga chini ya kabureta iliyotobolewa, atashushwa tena.

Ninachotaka ni hiki. Ekzosi ya zamani iko stoo, nimeiona. Sproketi ya meno 14 iko nyumbani kwa dereva, aje nayo. Sanduku la chujio na jeti yenye namba ya kitabu vinunuliwe, hata sanduku likiwa la mtumba ni sawa ila lisiwe na ufa. Ijumaa saa kumi jioni tutafunga sproketi kwanza, ipande mlima na madumu manne, tuandike ilivyokwenda. Kisha ekzosi, chujio na jeti kwa pamoja, maana hivi vitatu havirudi kimoja kimoja: ukirudisha sanduku na kuiacha jeti ile, moshi utazidi. Ipande tena, tuandike tena. Mwisho kijiko cha oili.

Daftari nitalishika mimi. Anayetaka bloki aje alisome kabla hajanyosha mkono Jumamosi.

Katibu