Lamu si bandari tu

Asubuhi pale Petite Barrière, mama wa Gisenyi mwenye beseni la nyanya na mteja wake wa Birere wanapatana bei kwa Kiswahili. Ni lugha ya kazi, imezoeleka kama mizani. Hata hivyo, kwa miaka mingi nchini Rwanda kuitwa Mswahili hakukuwa sifa. Kulimaanisha mjanja wa sokoni, mtu asiye na shamba wala shule. Bunge lilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2017, lakini sheria haifuti kejeli ya mtaani.

Wafanyabiashara wengi wa Rubavu wanaijua Mombasa kwa maghala na mawakala wa forodha. Wachache huendelea kaskazini. Sasa Lamu nayo inatajwa, kwa sababu gati la kwanza la bandari yake mpya lilifunguliwa Mei 2021. Atakayefuata mzigo huko asiishie getini. Avuke maji aingie mji wa kale kisiwani.

Mji huo umekaliwa na watu kwa zaidi ya miaka 700. Umejengwa kwa mawe ya matumbawe na boriti za mikoko, vichochoro vyake ni vya punda na waenda kwa miguu, na UNESCO iliuweka katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001. Msikiti wa Pwani unahesabiwa kuwa wa mwaka 1370. Aliyefundishwa kwamba Kiswahili ni lugha ya walanguzi atazame tarehe hiyo vizuri.

Ila msikiti unaomhusu zaidi mtu wa Gisenyi ni ule wa Riyadha. Ulianzishwa na Habib Saleh, sharifu aliyetoka Ngazija, katika miaka ya kugeuka kwa karne ya 19 kuingia ya 20. Jina lake halikukuzwa na jengo. Lilikuzwa na wanafunzi aliowakubali. Alifundisha watumwa, watoto wao na wageni, watu ambao waungwana wa mji hawakuona sababu ya kuwasomesha. Baadhi ya wakubwa walichukizwa, hata matari aliyoyaingiza katika maulidi yakazua ubishi. Yeye akaendelea, na waliosoma kwake wakatawanyika Afrika Mashariki wakafungua madrasa zao. Maulidi ya Lamu bado hukusanya wageni kutoka nchi nyingi kila mwaka. Hati za mkono za Riyadha nazo zimepigwa picha za kidijitali kupitia mpango wa Maktaba ya Uingereza wa kuokoa nyaraka zilizo hatarini.

Rwanda ilikwenda njia nyingine. Wakati wa Wabelgiji elimu ilikuwa mikononi mwa misheni, na watoto wengi wa Waislamu walibaki nje. Wazazi wao wakashika walichoachiwa: duka, udereva, ufundi, soko. Baadaye wakalaumiwa kuwa hawajui lingine ila biashara! Mzazi anayempeleka mwanawe Lamu atamwonyesha jambo ambalo Biryogo na Majengo ya Goma hazikupata nafasi ya kulionyesha kwa ukubwa huo: Kiswahili kikiwa lugha ya darasa na maktaba.

Safari si rahisi, na haifai kupambwa. Kutoka Kigali hadi Mombasa ni zaidi ya kilomita 1,600 kwa Ukanda wa Kaskazini. Kutoka Mombasa ni siku nyingine ya basi hadi Mokowe, kisha boti. Barabara ya Garsen kwenda Lamu imewahi kushambuliwa, kwa hiyo msafiri aulize hali ya usalama kabla ya kukata tiketi. Msikitini aombe ruhusa, avae kwa heshima, asifike na kamera wakati wa sala.

Asiye na nauli hiyo aanzie Nyamirambo. Msikiti wa Al-Fat'h, unaotajwa kuwa wa kwanza nchini, ni wa mwaka 1913. Wengi hupita hapo wakikimbilia basi, wakidhani historia yote ya Uislamu wa Kigali iko kwa Gadafi. Serikali na viongozi wa Waislamu wana kazi ya kuandika kumbukumbu za mtaa huo wakati wazee wake wangali hai.

Jumuiya ya Afrika Mashariki nayo ilizindua kampeni ya Tembea Nyumbani mwaka 2021 ili wananchi wake watembeleane kwa bei nafuu. Kampeni hiyo ifike mpakani, kwa Kiswahili, ikitaja misikiti na makumbusho pamoja na mbuga na hoteli. Tena utaratibu wa kusafiri kwa kitambulisho, ulioanza 2014 kati ya Rwanda, Uganda na Kenya, upanuliwe. Kongo iliyojiunga mwaka 2022 haikuwamo, na haina maana mama wa Gisenyi aingie Kenya kwa kadi ya mfukoni huku mteja wake wa Birere akihangaikia pasipoti.