Usimwombe Mama Hati ya Nyumba

Siandiki kwa wazee. Wazee wa Ukunda hawatakisoma kitabu hiki, na wale watakaosomewa watasema kuwa mwalimu amekuja kuwafundisha waliyoyajua kabla ya kuzaliwa kwake. Naandika kwa kijana aliye darasani sasa, ambaye baada ya miaka kumi au ishirini atakuwa na kazi, na mke au mume, na mama aliyeanza kusahau alipoweka funguo. Siku hiyo kijana huyu atakuwa na shauri jema kinywani: "Mama, tuihamishe nyumba iwe kwa jina langu. Ni karatasi tu. Wewe utakaa humu humu." Nataka shauri hilo limkwame kooni.

Shauri la namna hii husikika sana katika pwani yetu ya kusini, toka Tiwi mpaka Msambweni, na kila nilisikiapo husemwa kwa sauti ya huruma. Mwana hasemi kwamba anaitaka nyumba. Husema kwamba uzee una gharama: dawa za sukari na za shinikizo la damu, gari la kwenda hospitali ya Msambweni, mtumishi wa kumwosha na kumgeuza mzee aliyepigwa na kiharusi. Husema kwamba deni la hospitali likija litaikuta nyumba. Husema kwamba benki haimkopeshi mwanamke wa miaka 75, lakini itamkopesha mwanawe, na kwa mkopo huo mama atatibiwa. Maneno haya yote yana sura ya wema, na ndiyo sababu mama huyakubali. Mwizi angalikuja na panga mama angalipiga kelele. Mwana huja na kalamu.

Nianze na hofu ya gharama, maana ndiyo iliyozaa hofu nyingine. Wengine wameitoa mbali. Tunao ndugu waishio Uingereza, nao huleta habari kwamba wazazi wa kule huwaandikia watoto nyumba zao ili zisiliwe na malipo ya kutunzwa uzeeni. Habari hiyo ina asili ya kweli. Katika England mzee aingiapo nyumba ya kutunzia wazee hupimwa mali yake. Ikizidi pauni 23,250 hujilipia mwenyewe, na nyumba yake huhesabiwa pamoja na mali hiyo ikiwa hakuacha ndani yake mume, au mke, au jamaa mwingine atambuliwaye na sheria. Lakini hata huko hila hii haina nguvu kama idhaniwavyo. Baraza la mji likiona kwamba mzee alitoa nyumba kwa kusudi la kukwepa malipo, humhesabia kana kwamba angali nayo, wala sheria haikuweka ukomo wa miaka ya kutazama nyuma. Na kwetu je? Kwetu hakuna baraza lipimalo nyumba ya mzee ili kumlipisha matunzo, kwa sababu hakuna baraza litoalo matunzo hayo. Anayeagiza dawa ya maradhi ya nchi nyingine huinywa kwa hasara yake.

Serikali yetu humpa mzee aliyetimiza miaka 70 shilingi 2,000 kwa mwezi katika mpango wa Inua Jamii, nazo mara nyingi huchelewa. Lakini hapana mahali aambiwapo atupe kwanza hati ya nyumba ndipo apokee. Mamlaka ya Afya ya Jamii, iliyochukua nafasi ya NHIF mwezi wa Oktoba 2024, humkadiria mchango mtu asiye na mshahara kwa kuuliza anaishi maisha gani: paa lake, ukuta wake, maji yake, choo chake. Kubadilisha jina katika hati hakugeuzi bati kuwa makuti. Katiba ya mwaka 2010 nayo, katika kifungu cha 57, inasema kwamba mzee ana haki ya kupata matunzo na msaada wa kadiri kutoka kwa familia yake na kwa Serikali. Familia imetajwa hapo kama mwenye wajibu. Haikutajwa kama fundi anayengoja ujira.

Sasa tutazame kalamu ikiisha kupita. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012 inasema kwamba aliyeandikwa katika daftari ndiye mwenye milki kamili. Maneno "wewe utakaa humu humu" hayaandikwi katika daftari la Msajili wa Ardhi kule Kwale. Yalisemwa barazani, labda kwa machozi, na machozi hayana namba ya kiwanja. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa imetokea ajabu kwamba mali imepotea kwa sababu ya daftari lenyewe.

Mwana akishika hati huenda benki. Simlaumu, ndivyo alivyoahidi. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 inamtaka mtu awekaye rehani nyumba ya ndoa alete idhini ya mume au mke wake. Ni sheria nzuri, na imewaokoa wanawake wengi wasiamke asubuhi wakakuta dalali mlangoni. Lakini soma tena: idhini itakiwayo ni ya mke wa mkopaji. Mama wa mkopaji hakutajwa. Mke aliyeolewa mwaka jana aweza kuzuia rehani kwa kukataa kutia sahihi, na bibi aliyeyabeba kichwani matofali ya nyumba ile hana hata kiti katika chumba wanamozungumzia. Biashara ya mwana ikianguka, kama zilivyoanguka biashara nyingi za Diani mwaka 2020 hoteli zilipofungwa kwa sababu ya korona, nyumba hupigwa mnada naye mama yumo ndani. Mwana hakuwa mbaya. Alikuwa na bahati mbaya tu, lakini bahati mbaya yake imekuwa na paa la mama juu yake.

Tena yako mauti, ambayo hayafuati orodha ya umri. Tuseme mjane mmoja wa Mvindeni amempa mwanawe wa kiume nyumba yote, na mwana huyo akafa kwa ajali katika barabara ya Likoni, akiacha mke na watoto, wa kiume na wa kike. Kwa mirathi ya Kiislamu mke atapata thumni, yaani sehemu moja katika nane. Mama atapata sudusi, moja katika sita. Inayobaki ni ya watoto. Mama huyu jana alikuwa mwenye nyumba nzima, na leo ni mrithi wa sudusi ya nyumba yake mwenyewe, na akitaka kubaki katika chumba chake sharti wakubali wenye sehemu nyingine, ambao wengine wao ni watoto wadogo chini ya mlezi. Akiwa si Mwislamu hali yake ni mbaya zaidi: Sheria ya Urithi huwatazama kwanza mke na watoto wa marehemu, na mzazi hupata kitu pale tu atakapoiendea mahakama na kuthibitisha kwamba mwanawe alikuwa akimtunza. Nimewapa wanafunzi wangu hesabu hii katika somo la sehemu, na darasa likanyamaza kuliko linavyonyamaza katika hesabu ya maembe.

Watu wa dini watanijibu kwamba hiba ni halali, na mzazi ana ruhusa ya kumpa mwana apendacho. Ni kweli, lakini hiba ina masharti yake. Haitimii mpaka kitu kikabidhiwe na kupokewa. Na mama ambaye amebaki na funguo, analala chumba kile kile na kupokea wapangaji wale wale, amekabidhi nini? Ndugu wengine wakienda kuidai mirathi, hapo hupata mwanya wa kusema kwamba hiba haikuwa hiba. Tena katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya pwani yetu, mzazi aweza kuirudia hiba aliyompa mwanawe maadamu ingali katika milki ya mwana. Ni rehema kubwa. Lakini Kadhi kwa Katiba huhukumu katika hali ya mtu, ndoa, talaka na mirathi. Ugomvi wa hatimiliki ya ardhi huenda mahakama nyingine, na huko mzee ataulizwa kama sahihi ni yake au si yake. Ni yake. Hivyo mama huwa ametoa kwa daftari alichokuwa hajakitoa kwa fikihi, na kurudi kwake humgharimu wakili.

Nisemapo kwamba nyumba ibaki kwa mama, sisemi kwa kupenda karatasi. Wasomaji wa bara labda hawazijui nyumba zetu. Nyumba ya Kiswahili ina ukumbi katikati na vyumba kulia na kushoto, na Ukunda imejaa wapangaji: wapishi na watunza bustani wa hoteli, madereva, wasichana wa maduka, walimu pia. Mama mwenye vyumba sita hulala kimoja na kupangisha vitano. Kodi ya vyumba hivyo ndiyo pensheni yake, ijapokuwa hakuna mtu aliyeiita hivyo. Humlipa msichana wa kumfulia, hununua dawa, huchanga katika maziko ya jirani, na akitembelewa na mjukuu humpa nauli ya kurudia. Kwa hiyo nyumba yenyewe ndiyo imtunzayo. Akiihamisha "ili atunzwe" huwa amemwachisha kazi mtunzaji wake wa kwanza na kuanza kungoja wa pili, ambaye ana karo za shule na matatizo yake. Mwezi wa kwanza kodi huletwa yote. Mwezi wa sita mama huanza kuuliza. Hapo uuguzi umekwisha kugeuka kuwa hisani, na mwenye kupokea hisani hupunguza sauti katika nyumba aliyoijenga.

Wadigo wa zamani hawakuwa wajinga katika jambo hili. Urithi wao ulikwenda kwa upande wa ujombani: mali ya mtu ilirithiwa na wapwa wake, si na wanawe. Uislamu ulipoenea, baba walitaka wana wao wapate, wapwa wakadai yao, na ugomvi ukawa mwingi. Ndipo baadhi ya baba walipoanza kuwapa wana wao mashamba wangali hai. Kwa hiyo kutoa mali katika uhai kwetu si jambo geni, ila lilitoka katika hofu nyingine kabisa, hofu ya mpwa. Tena pwani yetu mnazi waweza kuwa na mwenyewe na ardhi chini yake ikawa na mwingine. Baba aliweza kumwambia mwana, "Minazi hii kumi ni yako, angua," na ardhi isiondoke mikononi mwake. Mwana alipata kitu cha kuanzia maisha, na mzee alibaki mzee. Hati ya siku hizi haijui kutoa nazi na kubakiza shamba. Hutoa vyote kwa mpigo mmoja. Na tangu hoteli zilipoenea ufuoni Diani katika miaka ya 1970, kiwanja kilichokuwa cha kupanda muhogo kimekuwa na bei ya kuwashawishi hata wacha Mungu.

Kuna hoja mbili zinazonipa taabu, na sitazificha. Ya kwanza ni ya binti. Mzazi ajuaye kwamba katika mirathi binti atapata nusu ya fungu la kaka yake, na kwamba ndiye aliyekaa akimwogesha, aweza kutaka kumpa kitu kwa mkono wake kabla ya kufa. Namwunga mkono. Ampe chumba cha duka kilicho mbele, ampe kiwanja cha pili, ampe minazi. Na afanye hivyo mbele ya watoto wote, kwa maana Mtume alikataa kuwa shahidi wa zawadi ya baba aliyempendelea mwana mmoja. Nyumba anamolala si sehemu ya zawadi hiyo.

Hoja ya pili ni nzito zaidi. Katika Kilifi na katika Kwale yetu wako wazee waliouawa kwa kusingiziwa uchawi, na mara nyingi nyuma ya neno uchawi palikuwa na shamba. Kule Kaya Godoma, katika Ganze, wazee waliokimbia wana wao wamepewa hifadhi. Kwa hiyo mzee huambiwa: wape mapema, upate kuishi. Namwelewa mwenye kutoa kwa hofu hiyo, wala siwezi kumcheka. Lakini jambo hilo liitwe kwa jina lake. Hiyo si hiba wala si matunzo. Ni fidia ya mtu aliyetekwa, na anayeipokea hastahili kuitwa mrithi. Kijana akiisikia barazani, kwa mjomba au kwa rafiki, ni wajibu wake kwenda kwa chifu kabla ya kwenda kwa Msajili.

Kama haja ya mwana ni ya kweli, njia zipo. Nyumba yaweza kuandikwa kwa majina mawili, mama na fungu lake na mwana na lake. Na katika umiliki wa namna hiyo mmoja hawezi kumpa mtu wa nje fungu lake bila mwenziwe kukubali kwa maandishi. Wasia waweza kuandikwa, usiozidi theluthi kwa Mwislamu. Mwana aweza kupewa usimamizi wa kodi, akaonyesha hesabu kila mwezi, bila hati kuguswa.

Mzee anapotaka kuuza shamba, ni desturi ya bodi ya ardhi kuwaita mke na watoto na kuwauliza kama wameridhika. Ni desturi njema, iliyokusudiwa kumzuia baba asiile ardhi ya watoto. Lakini anapompa mwana, anayeulizwa kama ameridhika ndiye anayepokea. Nataka siku hiyo maswali yageuzwe, na mwana aulizwe mbele ya ndugu zake wote: mama atalala chumba gani, kodi ya vyumba vingine ataipokea nani, na benki ikija, nani atatafutwa kutia sahihi.