Tusimnyime Mgonjwa wa Figo Chakula kwa Kumhurumia

Hivi karibuni nilimzuru mzee mmoja ambaye damu yake husafishwa kwa mashine mara tatu kwa wiki. Nilimkuta akinywa uji mtupu. Binti yake akanieleza, kwa mapenzi makubwa, kwamba nyama, samaki na mayai amemkataza babaye, kwa kuwa daktari alisema vyaichosha figo.

Daktari alisema kweli, ila aliyasema hayo kabla ya mashine. Figo dhaifu ambayo bado inajitegemea hupunguziwa protini ili isilemewe. Mgonjwa akishaanza kusafishwa damu, hukumu hubadilika: kila safari ya mashine, ambayo huchukua takriban saa nne, huondoa sumu, na pamoja nayo huchukua gramu kadhaa za viini vya protini vinavyojenga misuli. Ndiyo maana wataalamu humtaka apate gramu 1.0 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Mwenye kilo 60 huhitaji gramu 60 hadi 72, na yai moja lina gramu sita hivi. Uji mtupu utamfikisha wapi?

Balaa hii hujificha. Maji yanayobaki mwilini huziba pengo la misuli iliyoyeyuka, mizani ikasoma uzito uleule, na jamaa wakaridhika. Tutazame mikono, mashavu na nguo zinazopwaya.

Wala si kwamba kila kitu sasa ni ruhusa. Madafu, ndizi, parachichi na maharage yana potasiamu nyingi, nayo ikizidi yaweza kusimamisha moyo. Ng'onda, kwa chumvi yake, huleta kiu. Viazi vikatwe vidogo, vichemshwe kwa maji mengi, na maji hayo yamwagwe. Asiye na hamu apewe kidogo kidogo, mara tano au sita kwa siku.

Na Ramadhani? Wapo wanaojilazimisha kufunga siku zisizo za mashine, kisha wakafuturu kwa tende nyingi, nazo zina potasiamu tele. Ruhusa ya mgonjwa imo katika Suratul Baqara, aya ya 184 na 185. Na asiyetarajiwa kupona hulisha maskini. Ajabu ni nyumba itoayo fidia kwa wakati huku mgonjwa wake mwenyewe analala na njaa.

Yule binti nilimsihi amwone mtaalamu wa lishe siku ya mashine iliyofuata. Juzi kanipigia simu: mzee amekula changu wa kuchemsha, akaomba kipande cha pili.