Hongera ya baba na spika ya wati 40

Najua nimewatupa, tangu matokeo yabandikwe sijaandika kitu hapa, mpaka wengine mmeniuliza kantini kama nimehama chuo. Sijahama. Nilikuwa na mambo mawili kichwani, sapu na spika. Leo naongelea spika, na hiyo sapu mtaiona inavyoingia humo humo.

Kila bumu likitoka kuna mtu hapa hosteli anarudi kutoka Kariakoo na kiboksi kipya mkononi. Anakiwasha, yule dada wa Kichina aliyemo ndani anatutangazia kwa Kiingereza kwamba yuko tayari kuunganishwa, kisha inapigwa singeli hadi vitanda vinatetemeka. "Wati 40 hii bwana!" Na sisi tunapiga makofi. Mimi nasema makofi hayo ni ya bure. Hizi spika ndogo zisizo na waya tunazipima kwa kitu ambacho nyumbani hakitusaidii, na nasema hivyo nikiwa wa kwanza kuingia mkenge.

Baba yangu ni mwalimu mstaafu, yuko Morogoro na mama pamoja na mdogo wangu wa kidato cha nne. Amefundisha Kiswahili miaka mingi, na mpaka leo mtu akisema "nyimbo hii" mbele yake anamsahihisha, hata kama ni mgeni. Lakini masikio yameanza kuchoka. Si kwamba hasikii kabisa, ukimwita anaitika. Ila analalamika kwamba watu wa siku hizi wanamung'unya maneno. Kaka yetu yuko Mwanza, mimi niko huku Mlimani, na sote tunamtumia ujumbe wa sauti maana kusoma maandishi madogo kwenye simu hapendi. Spika ya simu yake sauti ni ya mbu. Basi mwaka jana bumu lilipotoka nikajipinda, nikanunua spika ya shilingi 45,000, kwenye boksi wameandika 40W kwa herufi kubwa kuliko jina la kampuni. Dogo naye angeiunganisha na kompyuta yetu ya nyumbani, ile ambayo spika zake zilishakufa.

Nilipoifikisha, mama alipiga vigelegele. Baba akaita jirani aje aone. Tukapiga dansi la zamani, vikombe kabatini vikawa vinacheza vyenyewe. Baba akasema, "Hii ni mashine." Nikarudi chuo kifua mbele.

Sasa sikia. Matokeo yakatoka. Nikajirekodi, nikamtumia: shikamoo baba, matokeo yametoka, masomo mengine yote nimepasi ila nimesapu Upimaji na Tathmini. Nilirekodi mara nne kabla ya kutuma, kwa aibu. Baada ya nusu saa akajibu: "Marahaba mwanangu. Hongera sana kwa kupasi yote, Mungu akuzidishie."

Nilidhani ananifariji kiutu uzima. Nikampigia dogo. Kimya, halafu akasema taratibu: baba hasikii vizuri kwenye ile spika, lakini alitukataza tusikuambie, maana umeinunua kwa hela ya mkopo. Ukishaondoka anaizima, anaweka simu sikioni. Siku ile aliisikiliza kwenye spika kwa sababu mama alikuwa anapika na yeye alitaka asikie.

Yaani nilikaa pale ngazini kama robo saa. Mzee wa watu anatikisa kichwa miezi yote hiyo ili mimi nisijisikie vibaya. Nilipoenda nyumbani likizo fupi nikambana, ndipo akasema, "Mwanangu, ile spika nasikia mtu anagonga mlango, ila hapigi hodi."

Hiyo sentensi ndiyo tathmini bora ya spika niliyowahi kusikia, na haina wati hata moja ndani yake.

Jambo lenyewe liko hivi. Tunapozungumza, irabu ndizo zinazobeba nguvu ya sauti. Konsonanti kama s, f, sh, t na ch ni dhaifu na ziko juu kwenye masafa, lakini ndizo zinazotenganisha neno na neno. Toa konsonanti ya mwanzo kwenye fika, shika, pika na zika, zote zinabaki "ika". Na uzee unapogusa masikio huanza na hizo sauti za juu, ndiyo maana mzee anakusikia lakini hakuelewi. Sasa mletee spika iliyotengenezwa kwa ajili ya besi. Besi nzito inafunika sauti zilizo juu yake hata kwa mtu mwenye masikio mazima, itakuwa kwake? Dukani lakini besi ndiyo inayouza. Hakuna muuzaji atakayekupigia taarifa ya habari ili uone spika yake ilivyo nzuri.

Tukirudi kwenye wati, hapa nilijiona mjinga kweli maana ni hesabu ya shule ya msingi. Chini ya spika yangu pameandikwa betri ni mAh 1,200, volti 3.7. Zidisha, unapata kama saa-wati 4.4. Kama kweli ingekuwa inatoa wati 40, betri ingeisha kabla dakika 7 hazijafika. Ila boksi hilo hilo linasema inapiga saa 4! Gawanya 4.4 kwa 4, unapata wati 1 na kidogo. Yaani boksi linajikana lenyewe upande wa pili. Linganisha na kampuni inayojiheshimu: JBL Go 3, ambayo ni ndogo ya kushika kiganjani, wenyewe wameandika wati 4.2 na saa 5. (Ukiikuta JBL imeandikwa wati 60 na bei yake ni ya chapati kumi, unajua mwenyewe.) Na hata wati zikiwa za kweli, sikio halihesabu kama sisi. Ili usikie sauti imeongezeka mara mbili unahitaji nguvu kama mara kumi, kwa hiyo kugombana kama ni wati 5 au 8 kwenye chumba cha futi kumi kwa kumi ni kupoteza muda.

Wale wa Elimu wenzangu mnakumbuka ile mada ya uhalali wa kipimo. Mtihani unaweza kusahihishwa vizuri kabisa, alama zikajumlishwa sawasawa, lakini ukawa unapima kitu kingine tofauti na ulichokusudia. Wati ni mtihani wa namna hiyo. Ndiyo, najua, nimesapu somo hilo hilo. Msicheke.

Kwa hiyo nikaamua kuzipima upya kiualimu, kwa imla. Nilijirekodi nikisoma maneno 20 yanayofanana: fika, shika, pika, zika, saa, taa, faa, kaa, sema, tema, chema, hema, na kadhalika, nimeyachanganya. Nikaazima spika tatu hapa koridoni, ya nne yangu. Rumeti wangu akakaa mlangoni na karatasi, spika juu ya meza dirishani, sauti nikaiweka ndogo, ile ambayo ungeiweka usiku watu wakiwa wamelala. Kila spika na mpangilio wake wa maneno asije akakariri. Wati 40 yangu: akapata 11. Ile ndefu ya jamaa wa chumba cha pili yenye taa za disko: 12. Ya tatu ilipata 14. Halafu kuna kadude ka dada mmoja wa mwaka wa tatu, keusi, bei shilingi 35,000, kameandikwa wati 5 tu, kana tundu moja la sauti linalotazama mbele: 18. Rumeti alitaka turudie, tukarudia sauti ikiwa kubwa zaidi, zote zikapanda lakini kale kadude kakabaki mbele. Si utafiti huo, ni imla ya chumbani. Ila mimi imenitosha.

Huko kutazama mbele nadhani ndiyo siri kubwa. Sauti za juu husafiri kama tochi, zinamulika kule zilikoelekezwa. Spika inayotazama dari au iliyowekwa sakafuni nyuma ya kochi inamsomea dari taarifa ya habari. Na ukiisukumia kwenye kona, ukuta unaongeza besi. Kabla hujanunua nyingine jaribu kwanza kuitoa konani, uiweke juu ya meza usawa wa sikio. Nilifanya hivyo na ile yangu nikapunguza na besi kwenye simu, ikapata nafuu kidogo, siwezi kusema ilipona.

Halafu kuna hili suala la kutokuwa na waya, tunaloliona ndiyo maendeleo yenyewe. Jina Bluetooth limetokana na mfalme mmoja wa Denmark wa karne ya 10, Harald, anayesifika kwa kuwaunganisha watu, na kweli hii kitu inaunganisha, hata wasiotakiwa. Usiku mmoja saa tano spika yangu iliunganika na simu ya jirani, chumba kizima tukasikia anavyombembeleza mtu wake. Tulimaliza wiki hatutazamani usoni. Lakini kero kubwa kwa matumizi ya nyumbani ni kuchelewa. Sauti ikipita hewani inafungwa, inatumwa, inafunguliwa, na hapo katikati inapotea sehemu ya sekunde. Muziki hauna shida. Ila dogo akitazama mwalimu wa hesabu kwenye ile kompyuta yetu ya zamani, mdomo unatangulia sauti inafuata, kama filamu iliyotafsiriwa. Na kwa mtu kama baba, anayesaidiwa na kuangalia midomo, hilo ni tatizo zaidi. Dawa yake ni waya wa oksi wa shilingi elfu mbili. Kwa hiyo mimi naisifu spika isiyo na waya ambayo bado ina tundu la waya. Zinazidi kuwa chache. JBL Go 2 ilikuwa nalo, Go 3 wakaliondoa.

Tundu la chaji nalo liangalie. Ulaya tangu mwishoni mwa 2024 sheria inataka spika za kubebeka zitumie USB-C kama simu, sisi huku bado tunauziwa zile za tundu la zamani linalolegea baada ya miezi sita. Kijijini waya huo ukipotea ndiyo basi tena.

Najua kuna watakaosema mnunulie mzee redio yaliishe. Redio anayo, na taarifa ya habari ya saa mbili haimpiti. Ila redio haisomi ujumbe wa kaka wa Mwanza. Na sisemi kwamba besi ni dhambi. Kwenye bethidei ya rumeti pale nje kwenye nyasi, wati 40 yangu ilifanya kazi yake vizuri mno, hakuna aliyehitaji kutofautisha shika na zika. Ninachosema ni kwamba unaponunua ya nyumbani, nenda na sauti ya mtu imerekodiwa kwenye simu yako, ikiwezekana ya mtu anayeongea haraka. Mwambie muuzaji azime singeli yake. Punguza sauti mpaka karibu na mwisho, rudi nyuma hatua nne, simama kwa pembeni kidogo, sikiliza. Kariakoo pana kelele, ndiyo vizuri, hata nyumbani kuna sufuria na watoto. Muuzaji niliyemfanyia hivyo alininunia, akaniuliza kama nafungua kanisa.

Nilinunua kadude kama kale ka dada wa mwaka wa tatu. Nikakatuma kwa basi, dogo akakaweka juu ya kabati dogo karibu na kiti cha baba. Halafu nikarekodi upya, neno kwa neno: shikamoo baba, nimesapu Upimaji na Tathmini, nitarudia mtihani, samahani kwamba hukunielewa mara ya kwanza.

Jibu lilikuja la dakika tatu na nusu. Lote silisemi hapa. Alianza na marahaba, akaniuliza ni mada gani iliyonishinda, kisha akaanza kunieleza mwenyewe jinsi walivyokuwa wakitunga mitihani zamani, na katikati akanisahihisha: hakuna neno "nimesapu".

Ile ya wati 40 nimemuuzia rumeti kwa elfu ishirini. Bado namdai elfu nane.